Maneno ya Koplo Shimba

Jumatano ilikuwa siku ya Mheshimiwa Kokulinda Rugambwa kuwasikiliza watu wa jimbo lake la Igalagala, na aliwasikiliza akiwa amesimama. Ofisini kulikuwa na meza nzuri ya mninga na kiti cha kuzunguka, lakini kiti kile kilikaliwa zaidi na katibu wake, Odeta, kuliko yeye mwenyewe. Yeye alikwenda dirishani, akarudi, akaegemea kabati la mafaili, akaenda tena dirishani, huku akisikiliza habari za mpaka wa shamba uliosogezwa au mwalimu aliyehamishwa ghafla. Watu walidhani ni mazoea ya jeshini. Naye aliwaacha wadhani hivyo.

Jumatano ya kwanza ya Julai, zikiwa zimebaki wiki tano kufika kura za maoni za chama, aliingia mama mmoja mrefu, mkavu, wa miaka kama sabini. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa.

"Shikamoo, mama," Kokulinda alisema kutoka dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Kaa basi. Ukinisimamia hivyo naona kama unanifukuza."

Odeta akacheka kidogo. Kokulinda akavuta kiti, akaketi kwenye ncha.

"Naitwa Ng'washi. Natoka Nyamalele, huku juu ya Kigongo. Mimi ndiye mama yake Shimba, yule koplo aliyefia Darfur."

Kokulinda alisikia vidole vyake vikipoa, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyezamisha mkono kwenye maji ya kisima. Jina la Nyamalele alilijua vizuri mno. Katika miaka mitano ya ubunge kijiji kile kilipata kisima kirefu, zahanati na darasa la pili la chekechea, kabla ya vijiji vilivyokuwa na haki ya kutangulia. Lakini kila mradi ulipozinduliwa, yeye alikuwa na safari. Alimtuma diwani. Mara moja alimtuma Odeta.

"Pole, mama," alisema.

"Nimeshapoa. Miaka kumi na sita. Sikuja kulia." Mama Ng'washi alifungua bahasha, akatoa barua iliyochapwa, karatasi yenyewe imeanza kuachana kwenye mikunjo. "Hii ndiyo waliyoniletea siku ya msiba. Mjukuu wangu alinisomea mpaka nikaishika kichwani. Inasema gari lake lilishambuliwa, mawasiliano yakakatika palepale, akafa akiwa kazini. Sawa. Nikaikubali. Sasa mwaka jana tulikuwa kwenye maziko Misungwi, mzee mmoja mstaafu wa jeshi akanifuata akaniambia, mama, siku ile mwanao aliongea sana kwenye redio. Huko kambini kwetu zilifika kelele tu, hatukushika maneno. Lakini waliokuwa kwenye gari la mbele lazima walisikia."

Alimtazama Kokulinda usoni.

"Mimi sidai kitu. Sitaki mtu afungwe. Nataka kujua mwanangu alisema nini. Wewe ulikuwa mwanajeshi, na wamesema ulikuwa hukohuko. Wewe ni wakili, unajua barua kama hizi zinavyofuatiliwa. Na wewe ni mbunge wangu, nilikupigia kura. Nikaona nikikuacha wewe, nitamwendea nani?"

Kokulinda aliipokea ile barua. Sentensi ya mawasiliano ilikuwa katikati ya ukurasa, fupi, bila doa. Alikuwa ameiandika yeye.

"Nitalifuatilia, mama," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu anayejibu swali bungeni. "Nipe siku chache."

Mama Ng'washi akashukuru kwa mikono miwili, akainuka. Alipotoka tu, Kokulinda alisimama, akamwambia Odeta waliobaki waje Jumatano ijayo, akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Kokulinda alikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa kule Muleba, wa nne kati ya saba, na alikwenda jeshini kwa sababu hakuweza kukaa. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye alitaka mahali ambapo mtu huamka akiwa tayari anakimbia. Huko alipata cheo cha Luteni, akawekwa kwenye usafirishaji, na alipopelekwa Darfur na kikosi cha kulinda amani alikuwa afisa pekee wa kike katika misafara ya malori.

Siku ile walikuwa na malori matatu ya maji na unga. Yeye alikuwa la mbele, na dereva wake aliitwa Nkwabi, kijana wa Kisukuma asiye na maneno mengi. La tatu lilikuwa la Koplo Shimba, ambaye alikuwa peke yake kwa kuwa mwenzake aliamka na malaria. Walipokuwa wanavuka korongo la mchanga, risasi zikaanza kutoka ukingo wa kushoto. Lori la kwanza likapanda. La pili likapanda. La tatu likazama magurudumu.

Kwenye hayo malori mawili kulikuwa na watu tisa, na bunduki za kutosha kujitetea mahali pazuri. Pale korongoni hapakuwa mahali pazuri. Kokulinda aliamuru wasisimame. Wangekwenda kambini, kilomita ishirini na mbili, wakarudi na nguvu. Kama angeulizwa na bodi yoyote ya uchunguzi duniani, angesema hivyo akiwa ameinua kichwa, na bodi ingemwelewa.

Lakini redio ilikuwa inafanya kazi. "Afande, nimezama. Nirudieni na kamba." Kisha: "Afande, wanashuka. Afande, msiniache." Kisha Shimba akaacha Kiswahili akaanza kusema Kisukuma, upesiupesi, na Kokulinda, Mhaya wa Muleba ambaye wakati huo hakujua neno hata moja la Kisukuma, alisikiliza sauti ile ikipanda na kushuka ndani ya kibanda cha lori kwa muda ambao hakuweza kamwe kuupima. Akanyoosha mkono. Akapunguza sauti. Kisha akaizima kabisa.

Waliporudi baada ya saa moja na nusu, Shimba alikuwa amelala kando ya gurudumu la mbele, amekwisha.

Jioni, kwenye taarifa, aliandika kwamba mawasiliano na gari la tatu yalikatika mara baada ya shambulio. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyeuliza. Nkwabi aliitwa akatia saini yake chini. Luteni Rugambwa akasifiwa kwa kuokoa watu tisa, akapanda cheo kuwa Kapteni, na baada ya miaka miwili akaomba kuacha jeshi, jambo lililowashangaza wote waliomjua.

Alikuja Mwanza kusoma sheria kwenye chuo kimoja pale Nyegezi, mwanafunzi aliyewapita umri baadhi ya walimu wake. Alisoma akitembea, wenzake walimwona alfajiri anazunguka uwanja na kitabu mkononi. Alipokuwa wakili akafungua chumba cha ofisi Nyamagana, na jina lake likajulikana kwa kesi ya wanawake wa dagaa waliofukuzwa ufukweni kwao ili pajengwe hoteli. Aliisimamia kesi ile miaka mitatu, akashinda. Wanawake wale ndio waliomwambia agombee. Mabango yake yalikuwa na maneno matatu: Askari. Wakili. Mtetezi.

Majimbo ambayo chama kilikuwa tayari kumfikiria yalikuwa mawili. Alichagua Igalagala, kwao Shimba. Mpaka leo hakuwa na uhakika kama alilichagua kwa sababu ya jambo hilo au alijidanganya kwamba halina uhusiano.

*

Kwa siku tisa baada ya ujio wa Mama Ng'washi, Kokulinda hakutulia mahali. Alifika kwenye kikao cha wajumbe akaondoka kabla ya chai. Alimwambia Nkwabi ampeleke Nyegezi, na walipofika nusu ya njia akamwambia ageuze. Siku moja alishuka garini kwenye mteremko wa Makongoro akaanza kutembea kwa miguu, viatu vya kisigino na yote, na Nkwabi akamfuata polepole na gari, taa za dharura zikiwaka, bodaboda wakiwapigia honi.

Ndiyo, Nkwabi alikuwa bado dereva wake. Aliacha jeshi mwaka mmoja baada yake, akaja kumtafuta Mwanza, akasema, "Afande, una kazi?" Mbele za watu alimwita Mheshimiwa. Wakiwa wawili, alimwita Afande. Walizungumza matairi, barabara, mvua. Redio ya gari haikuwashwa hata siku moja, na hakuna kati yao aliyewahi kuligusa jambo hilo kwa mdomo.

Siku ya kumi, alasiri, alimkuta Nkwabi Kirumba, pale vijana wanapooshea magari kando ya ziwa. Alikuwa amewaambia vijana wamwachie mwenyewe, amekunja suruali, anasugua rimu kwa brashi. Kokulinda alikwenda mpaka ukingoni mwa maji, akarudi, akaenda tena. Kisha akasimama karibu yake.

"Nkwabi. Alisema nini?"

Nkwabi hakuuliza nani. Aliendelea kusugua.

"Miaka kumi na sita hujauliza, Afande."

"Nauliza leo. Mama yake amekuja ofisini."

Brashi ikasimama. Nkwabi akakaa chini palepale kwenye simenti iliyolowa, bila kujali suruali.

"Unajua Kisukuma sasa," alisema. "Cha sokoni unakijua. Nilikuwa nasubiri siku utakayokumbuka zile sauti uzielewe mwenyewe."

"Sikumbuki sauti. Nakumbuka kelele."

"Hakuwa anaongea na wewe." Nkwabi alitazama mikono yake. "Alikuwa anaongea na mimi. Alisema, Nkwabi, wewe ndiye umeshika usukani. Huyo mwanamke hawezi kukutoa kwenye usukani gari linatembea. Geuza. Wewe ni wa kwetu, Nkwabi, geuza gari. Alisema hivyo kama mara nne."

Kokulinda aligeukia ziwa.

"Nilianza kugeuza," Nkwabi aliendelea. "Hukumbuki lori liliyumba? Ukaniambia, nyoosha gari. Nikanyoosha. Ulikuwa hata hujashika bastola. Ungenifanya nini? Lakini nilinyoosha, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa, na amri yako ilinifaa. Kila nikikumbuka nasema ni Afande aliamuru. Halafu najibu mwenyewe, hapana, wewe ndiye ulikuwa na usukani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Ili tuwe wawili?"

Kijana mmoja alikuja na ndoo, akawaona walivyo, akarudi alikotoka.

"Na baadaye?" Kokulinda aliuliza. "Baada ya kusema geuza?"

"Baadaye aliona lori halirudi. Sauti ikatulia kabisa, kama mtu aliyekaa nyumbani. Akasema, basi, Nkwabi, ukifika mwambie mama. Akavuta pumzi." Nkwabi alinyanyua kichwa. "Hapo ndipo ulipozima."

*

Projest, msimamizi wa kampeni yake, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mhaya mwenzake, mpole, mwenye daftari la majina ya wajumbe wote wa jimbo pamoja na majina ya watoto wao. Kokulinda alipomsomea hati ya kiapo aliyoiandika kwa mkono wake, aya kumi na moja, Projest alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Koku, hukuua mtu."

"Sijasema niliua."

"Uliokoa watu tisa. Hilo ni kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Basi ya nini kuchimba? Redio! Nani atakuelewa habari ya redio? Watasikia neno moja tu, kwamba ulimwacha mtoto wa Nyamalele. Machibya anasubiri kitu kama hiki." Machibya alikuwa mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa anawania nafasi ileile. "Ngoja mwezi mmoja. Kura zipite. Ukishapita, nenda kwa yule mama, mwambie yote, lia naye, jenga hata kaburi. Mimi mwenyewe nitakusindikiza."

Kokulinda alikuwa anazunguka meza. Alishazunguka mara ngapi hakujua.

"Projest, kwa miaka mitatu niliwasimamia wale mama wa dagaa. Unajua tulishinda kwa nini? Kwa sababu afisa mmoja wa ardhi aliandika sentensi moja ya uongo kwenye ripoti, nami nikaipata. Nilimsimamisha kizimbani nikamuuliza mara tano kwa nini aliandika. Alikuwa anatoka jasho. Nilifurahi. Naapa nilifurahi, na jioni ile nilitapika, na sikujua kwa nini."

"Mwezi mmoja tu, Koku."

"Nilimwomba mama yule siku chache. Ni siku ya kumi na mbili."

Projest akavaa miwani yake, akafunga daftari. "Mimi nitabaki na wewe," alisema. "Lakini nimekuambia."

*

Walikwenda Nyamalele Jumamosi asubuhi, yeye na Nkwabi, bila msafara. Kutoka Kigongo barabara inapinda kulia, ziwa likibaki nyuma na lile daraja jipya likionekana kwenda mbali mpaka Busisi, kisha ni vumbi na mawe makubwa yaliyopandana. Walipita kwenye zahanati yenye bati la bluu. Kokulinda aliitazama kama mtu anayetazama nguo aliyomnunulia mtu asiyemjua.

Mama Ng'washi alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe. Aliwaona, akanawa mikono, akatoa viti viwili vya kamba.

"Huyu ni Nkwabi," Kokulinda alisema, baada ya salamu. "Alikuwa dereva wa gari la mbele."

Mama alimgeukia Nkwabi upesi, macho yakafunguka. Akamwambia kitu kwa Kisukuma, naye Nkwabi akaitikia akiwa ameinamisha kichwa.

"Kuna jambo, mama, nianze mimi," Kokulinda alisema. Alikuwa amesimama. Alijaribu kukaa, akasimama tena. "Afisa aliyekuwa gari la mbele nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyeamuru tusirudi. Na ile sentensi kwenye barua yako, kwamba mawasiliano yalikatika, niliiandika mimi, na si kweli. Redio ilikuwa nzima. Shimba aliongea. Mimi nikaizima akiwa anaongea."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya jiwe la mihogo.

"Kwa nini?" mama aliuliza hatimaye.

Kokulinda alikuwa amejiandalia majibu tangu Mwanza, kama wakili anavyojiandaa, na yote yalikuwa na mantiki. Hakuna hata moja lililokuja.

"Sikuweza kumsikia," alisema. "Nilikuwa nimeshaamua kumwacha, na sikuweza kumsikia."

Mama alitikisa kichwa polepole. Haikuwa kukubali wala kukataa; ilikuwa kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuunyanyua. Kisha akamgeukia Nkwabi. "Sema wewe."

Nkwabi akasema kwa Kisukuma. Safari hii Kokulinda aliyashika maneno karibu yote: usukani, geuza, wewe ni wa kwetu. Alisikia Nkwabi akijitaja kwa jina lake kama anavyotajwa mtu mwingine, mtu aliyekosa. Alipofika kwenye "mwambie mama," aliyarudia maneno hayo mara ya pili.

"Mwambie mama nini?" mama aliuliza, kwa Kiswahili, akimtazama Kokulinda.

"Hatujui. Hapo ndipo nilipozima."

Mama Ng'washi akasimama. Alitembea mpaka kwenye mihogo yake, akaanza kuigeuza, kipande kimoja kimoja, upande mweupe juu, upande mweupe juu, mpaka akamaliza jiwe zima. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Alinitaja," alisema. "Miaka yote hii nilidhani alikufa kama mbuzi, bila neno. Kumbe alinitaja." Akamgeukia Kokulinda. "Na wewe ukamfunga mdomo. Na ukaja hapa kuomba kura."

"Ndiyo, mama."

"Kile kisima. Ni kwa ajili hiyo?"

"Nadhani ni kwa ajili hiyo."

"Maji yake nimekunywa." Alisema hivyo kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kitu mdomoni. "Basi sikiliza. Sikutaka mtu afungwe, na bado sitaki. Lakini karatasi ile ibadilike. Iandikwe kwamba aliongea. Iandikwe alivyosema, na iandikwe nani alizima. Wewe ni mwanasheria, unajua inavyofanywa. Ikiisha, ije hapa, isomwe mbele yangu."

"Nimeshaiandika," Kokulinda alisema, akaitoa hati ndani ya mkoba.

Mama hakunyoosha mkono. "Hiyo ni yako. Mimi nataka yao, ya jeshi."

*

Jumatatu asubuhi Kokulinda aliapa mbele ya wakili mwenzake Nyamagana. "Mimi, Kokulinda Rugambwa, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Mwanza, ninaapa na kueleza kama ifuatavyo." Wakili yule, ambaye alishawagongea mihuri mamia ya watu bila kusoma, alisoma ile yote, akainua macho, akagonga muhuri. Nkwabi aliapa ya kwake. Nakala zikaenda makao makuu ya jeshi, na nyingine Kokulinda akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya chama, kwa kuwa hakutaka waisikie barabarani.

Waliisikia barabarani hata hivyo. Kabla ya Ijumaa ilikuwa kwenye simu za jimbo zima, imepigwa picha upande, aya ya saba, ile ya redio, imezungushiwa wino mwekundu. Machibya hakuhitaji kusema chochote, na kwa heshima yake hakusema. Kwenye mikutano ya kujinadi watu walimwuliza Kokulinda maswali mawili matatu juu ya barabara, kisha mzee mmoja akasimama akasema, "Mheshimiwa, tukizama sisi, utazima redio?" Ukumbi ukacheka. Kokulinda hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Niliwahi kuizima, mzee. Siwezi kukuapia zaidi ya hapo." Kicheko kikaisha vibaya, na mzee akaketi kama aliyejutia.

Wale wanawake wa dagaa walimpigia kura, karibu wote. Kata ya Nyamalele ilimnyima, karibu yote. Machibya alishinda kwa kura zisizofika arobaini. Projest alihesabu mara mbili, akafunga daftari lake, akaomba aruhusiwe kwenda kulala.

Bodi ya uchunguzi ilimwita Septemba. Maafisa watatu, wadogo kwake kwa umri, walimhoji siku mbili kwenye chumba chenye feni mbovu. Walimwuliza juu ya korongo, umbali, idadi ya risasi. Uamuzi wa kuondoka hawakuutilia shaka, kama alivyojua. Mkubwa wao, kanali mwenye sauti ya upole, alimwuliza kitu kimoja tu nje ya karatasi zake.

"Kama usingekuja, Kapteni, hakuna ambaye angejua. Umepata nini?"

Kokulinda alifikiri. Alitamani kusema amepata usingizi, lakini hakuwa ameupata. Bado alikuwa anaamka akiwa tayari amesimama. Bado alikula akitembea.

"Sijui bado," alisema. "Mama yake alipata neno moja."

Barua mpya ilitoka Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Ilikuwa na kurasa mbili. Ilisema Koplo Shimba alikuwa na mawasiliano na msafara, kwamba aliomba msaada, kwamba alimtaja mama yake, na kwamba redio ilizimwa na afisa wa msafara, Luteni K. Rugambwa. Jeshi lilimwomba radhi mama kwa taarifa ya awali. Kokulinda aliipeleka Nyamalele akaisoma kwa sauti mbele ya mlango, jina lake mwenyewe likiwemo, huku matone yakipiga bati. Alipomaliza, mama akasema, "Rudia hapo aliponitaja." Akarudia. "Tena." Akarudia tena.

Mama Ng'washi akaikunja, akaiweka kifuani.

"Nkwabi awe anakuja Jumapili," alisema. "Ana maneno ya kwetu, na kuna mambo mengi ya Shimba ya huko jeshini siyajui. Wewe usije mpaka nikuite. Si kwamba nimekulaani. Ila nikikuona naisikia ile redio."

"Sawa, mama."

"Utaumia?"

"Nitaumia."

"Haya," mama alisema, akaingia ndani.

Nkwabi sasa huenda Nyamalele kila Jumapili baada ya misa, na hurudi na mihogo au samaki wa kukaanga kwenye gazeti, na hasemi wamezungumza nini, wala Kokulinda hamwulizi. Yeye amerudi kwenye kile chumba chake Nyamagana, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Wiki iliyopita alikuja mwanamke kutoka Kayenze, anaitwa Rose, mumewe baharia wa mtumbwi wa mizigo amepotea ziwani na mwenye mtumbwi amemletea karatasi ya kutia saini. Kokulinda aliichukua ile karatasi, akaanza kuisoma akielekea dirishani, akarudi, akaenda tena, na alipofika aya ya tatu akasimama.

"Hii sentensi," alimwambia Rose, "nani aliiandika?"